Marehemu Okot p'Bitek na Haki ya Kuihukumu Sanaa: Aonekanavyo kutoka Ng'ambo ya Unguja

Neno uhakiki, kama litumikavyo leo katika vyuo vyetu, ni geni kuliko tudhanivyo. Kwa wazee wetu kuhakiki kulikuwa ni kupata yakini: mtu huhakiki habari aliyoletewa, huhakiki mizani ya mnunuzi wa karafuu, huhakiki kwamba mlango umefungwa kabla ya kulala. Kumwita mtu mhakiki kwa kuwa amekaa mezani akaandika kwamba shairi hili ni zuri na lile halifai ni matumizi yaliyotujia pamoja na shule na mitihani yake. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu mtu ninayetaka kumweleza hapa, marehemu Okot p'Bitek wa Uganda, alikuwa miongoni mwa wahakiki wa sanaa waliozusha magomvi makubwa kabisa katika Afrika ya Mashariki, na mzizi wa magomvi yake ulikuwa swali moja: ni nani mwenye haki ya kuihukumu sanaa ya watu?

Huenda msomaji akastaajabu kuona habari za Mwacholi wa Gulu zaandikwa na mtu wa Unguja, tena zapimwa kwa mambo ya Ng'ambo. Sababu ni hii. Mimi nimezaliwa na kulelewa Miembeni, na jina hilo la Ng'ambo ambalo mtaa wetu na jirani zake wameitwa kwa miaka mingi halikutoka kwetu. Lilitoka kwa watu waliokaa katika Mji Mkongwe, waliokuwa wakitazama upande wa pili wa hori iliyokuwa ikiingia maji pale Darajani. Hori ilikwisha kufukiwa zamani, na daraja limebaki jina tu. Lakini sisi tungali tunaitwa kwa kufuata mahali aliposimama mtazamaji. Mtu aliyezoea kuitwa hivyo hukifahamu upesi kilichokuwa kikimkasirisha Okot.

Alizaliwa Gulu, kaskazini ya Uganda, katika mwaka wa 1931. Baba yake alikuwa mwalimu na Mkristo wa madhehebu ya Kiprotestanti. Mama yake alikuwa mtunzi na mwimbaji mwenye sifa katika nchi ya Waacholi, na kila aliyeandika juu ya Okot hakukosa kumtaja mama huyo. Alisoma Gulu, kisha King's College, Budo, shule iliyokuwa ikiwalea vijana walioandaliwa kushika madaraka katika Uganda. Baadaye alifundisha shule, akasimamia kwaya, akacheza mpira. Katika mwaka wa 1953, umri wake miaka ishirini na miwili, alitoa hadithi ndefu kwa Kiacholi iitwayo Lak Tar. Hiki kilikuwa kitabu chake cha kwanza, nacho kilikuwa kwa lugha ya mama yake. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa wengi humjua kwa Kiingereza tu.

Kilichompeleka Ulaya kilikuwa mpira. Katika mwaka wa 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza, wachezaji wake wengi wakicheza miguu mitupu, na Okot alikuwa mmoja wao. Michezo ilipokwisha hakurudi na wenzake, bali alibaki kusoma: ualimu huko Bristol, sheria huko Aberystwyth, na mwishowe elimu ya watu na mila zao katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko Oxford aliandika tasnifu juu ya nyimbo na masimulizi ya Waacholi na Walango, akapata shahada yake ya B.Litt. katika mwaka wa 1963. Lakini hakukaa kwa raha. Ameeleza mwenyewe katika utangulizi wa kitabu chake kwamba tangu mihadhara ya mwanzo aliwasikia walimu wakiwataja watu wa Afrika kwa maneno ya kuwadharau, ya ushenzi na ukabila na mfano wa hayo. Akainuka kulalamika, wala malalamiko yake hayakusikilizwa.

Kitabu hicho, kilichoandikwa juu ya dini za Kiafrika na wataalamu wa Ulaya waliozichunguza, chahusu dini kuliko sanaa. Hata hivyo mna ndani yake kisa ambacho kwangu mimi, niliye mwalimu wa elimu ya lugha, ndicho ufunguo wa uhakiki wake wote. Yasema habari kwamba katika mwaka wa 1911 mapadre wa Kitaliano walikusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza: Ni nani aliyewaumba? Lugha ya Kiacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia mapadre, yaani kukifanya kitu kiwe pasipo na kitu. Swali likageuzwa, likawa: Ni nani aliyewafinyanga, kama mfinyanzi afinyangavyo chungu? Wazee wakaona swali halina maana, kwa sababu mtu huzaliwa na mamaye, hafinyangwi. Waliposhikiliwa wajibu, mmoja akakumbuka kwamba wako watu wazaliwao wima, kisha wakashikwa na maradhi ya uti wa mgongo yakawapinda. Na roho ya uadui iwapindayo watu hivyo, kana kwamba yawafinyanga upya, huitwa Rubanga. Akajibu: Ni Rubanga. Mapadre wakafurahi, wakaandika. Na tangu hapo jina la roho ya kibyongo likawa ndilo jina la Mungu katika vitabu vya dini kwa Kiacholi.

Kisa hiki huchekesha kikisomwa mara ya kwanza. Kikisomwa mara ya pili huogofya. Mwulizaji hakuwa mwongo, wala mjibuji hakuwa mjinga. Kosa lilikuwa katika swali, maana swali lilikuja limekwisha kukata umbo la jibu. Okot alishikilia kwamba ndivyo ilivyofanyika katika sanaa pia. Mgeni alikuja akauliza: Liko wapi jumba lenu la michezo ya kuigiza? Viko wapi vitabu vyenu vya fasihi? Kwa kuwa hapakuonekana jumba wala kitabu, ikaandikwa kwamba hapana mchezo wala hapana fasihi. Yeye akasema fasihi haikutokana na herufi. Wimbo ulioimbwa usiku mmoja ukakumbukwa miaka hamsini ni fasihi kama kilichopigwa chapa. Leo maneno haya twayafundisha mwaka wa kwanza na mwanafunzi huyanakili bila ya kusita. Siku zile yalimletea Okot uadui.

Wala hakuwalaumu wageni peke yao. Alimshambulia John Mbiti, mwanachuoni wa Kenya, na wengine waliokuwa wakiheshimiwa kote Afrika, kwa kuwa kwa maoni yake walizivika imani za Kiafrika mavazi ya Kiyunani ili zipate kusimama mbele ya Wazungu bila haya. Katika mwaka wa 1970 tasnifu yake ya udaktari juu ya dini ya Waacholi ilikataliwa huko Oxford. Mwaka uliofuata ikatolewa kitabu Afrika ya Mashariki, na wasomaji wakaamua wenyewe. Wako wasemao kwamba ukali wake wote ulitokana na uchungu wa kunyimwa shahada. Tarehe zawakanusha. Alikuwa mkali miaka mingi kabla ya 1970, na maneno yake mazito juu ya sanaa yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Yalisemwa kwanza na mwanamke wa kubuniwa. Wer pa Lawino, yaani Wimbo wa Lawino, Okot aliutunga kwa Kiacholi, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza, ukatolewa na East African Publishing House ya Nairobi katika mwaka wa 1966. Katika mwaka wa 1975 ulitoka kwa Kiswahili, mfasiri wake akiwa Paul Sozigwa. Lawino ni mke asiyesoma, amlalamikiaye mumewe Ocol aliyesoma mno, aliyemtupa kwa ajili ya mwanamke ajipakaye poda na kusema Kiingereza. Wengi wameusoma wimbo huo kama ugomvi wa nyumbani, na wengine kama ugomvi wa Afrika na Ulaya. Mimi nausoma, katika sehemu zake zilizo bora, kama kitabu cha uhakiki wa sanaa. Itazamwe ile sehemu Lawino alinganishapo ngoma za kwao na dansi ya Kizungu. Hasemi tu kwamba ya kwetu ni nzuri na ya kwao ni mbaya. Atoa hoja. Ngoma ya Kiacholi huchezwa uwanjani, mbele ya macho ya watu wote, na mwenye kasoro ya mwili au ya tabia hana pa kuificha. Wimbo wake humjibu mtu fulani aliyesimama papo hapo. Anayecheza vibaya hujua kabla hajamaliza. Dansi ya mjini huchezwa ndani, gizani, watu wamelewa, kila mtu na wake, wala hapana wa kumhukumu mwenziwe. Kwa Lawino kipimo cha sanaa ni kuwapo kwa watu wenye haki na uwezo wa kusema: hapo umekosea.

Jambo hili ndilo Okot alilolirudia maishani mwake mwote. Katika makala yaliyokusanywa katika mwaka wa 1973 kwa jina la Africa's Cultural Revolution, Ngũgĩ wa Thiong'o akiyaandikia utangulizi, na katika mengine yaliyotolewa katika mwaka wa 1986 baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba utamaduni si kitu cha kuwekwa katika wizara, wala katika kabati la makumbusho, wala cha kuonyeshwa siku za sherehe mbele ya wageni wa serikali. Ni namna watu waishivyo yale wayaaminiyo. Msanii ndiye mtawala wa kweli, kwa kuwa ndiye awekaye sheria ambazo watu huzifuata bila ya askari. Na mhakiki wa kweli ni yule ashirikiye, si yule aliyenunua tikiti akakaa kimya kitini.

Alipewa nafasi ya kuyajaribu maneno yake kwa vitendo. Alikwisha kuanzisha tamasha la sanaa huko Gulu aliporudi kutoka Ulaya. Na katika mwaka wa 1966 akafanywa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda, lililomo ndani yake Jumba la Taifa la michezo ya kuigiza, lililojengwa na Waingereza na kufunguliwa katika mwaka wa 1959. Mtu aliyekuwa akisema kwamba sanaa ya Waafrika haihitaji jumba sasa ndiye aliyeshika funguo za jumba. Akawaita wachezaji wa ngoma kutoka vijijini, akafanya tamasha kubwa la siku nane wakati wa sikukuu ya uhuru katika Oktoba 1967. Cheo hakikudumu. Baada ya safari yake ya Zambia aliondolewa, kwa kuwa maneno yake hayakuipendeza serikali, akahamia Kenya. Huko Kisumu, katika mwaka wa 1968, alianza tena: tamasha jingine, watu wengine, hoja ileile. Kisha alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1971 hata 1978.

Sasa nirejee Ng'ambo, maana hapa ndipo ninapotaka kumpima.

Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1980, harusi ya mtaani kwetu ilikuwa na taarabu, na mimi kwa udogo wangu niliruhusiwa kukaa kwa wanawake, pembeni ya mama yangu mkubwa. Niliyoyaona hapo nilikuja kuyafahamu baadaye sana. Mwimbaji akiimba, wanawake hukaa wametulia, mmoja akirekebisha mtandio, mwingine akimnong'oneza jirani. Ghafla lafika neno. Mwanamke mmoja huinuka, noti mkononi, huenda polepole kwa mwendo wa muziki mpaka mbele, hutunza. Na anapokwenda uso wake haumtazami mwimbaji bali humtazama mtu fulani aliyekaa safu ya tatu, na watu wote wajua kwa nini. Mwimbaji naye hurudia ubeti uleule, kwani amefahamishwa kwamba umepata mwenyewe. Pengine aliyelengwa huinuka pia, akatunza ubeti ufuatao, na hapo maneno ya mtunzi, aliyekuwa pengine hawajui hata mmoja wao, yamekuwa ni mashauri yanayosikilizwa mbele ya kadhi mia mbili. Nakumbuka usiku mmoja aliimba binti mwenye sauti safi kabisa. Hakuinuka mtu. Nikamwuliza mama mkubwa kwa nini, akajibu: "Sauti anayo. Hana alilotwambia."

Nikiwa ugenini nikiandika tasnifu yangu, nilitaka kuweka sura nzima juu ya hukumu za namna hii na lugha yake: maneno kama kupata, kuingia, kukaa, kupwaya, yasemwayo na wanawake wa Ng'ambo juu ya wimbo. Mwalimu mmoja aliisoma rasimu akauliza ni mhakiki gani aliyeyaandika. Nikasema hayakuandikwa. Basi, akasema, hizo ni data, si uhakiki. Niliifupisha sura ikawa kurasa sita, nikapata shahada yangu. Okot hakufupisha. Silisemi hili kwa kujisifu wala kwa kujilaumu. Ila nadhani ndiyo sababu nimekuwa nikirudi kwake mara kwa mara.

Basi katika nusu ya kwanza ya fundisho lake Ng'ambo yamshuhudia. Mwimbaji huhukumiwa na wanaoshiriki. Hukumu hutolewa kwa mwili, kwa fedha, kwa kusimama na kutosimama. Nayo ina kanuni, hata kama hazikuandikwa. Lakini iko nusu ya pili, na hapo naona Okot alikosea, au tuseme alisema kwa haraka. Katika ukali wake alizoea kugawa vitu viwili: cha kwetu na cha kuletwa. Cha kwetu kimetoka shambani, kiwanjani, kinywani mwa bibi. Cha kuletwa ni kuiga. Mtu wa Ng'ambo akiusikiliza mgawo huo huona hana pa kuingia.

Taarabu ilikuja na merikebu. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hata 1888, alileta wapigaji kutoka Misri wamtumbuize katika jumba lake, na akampeleka mtu Cairo ajifunze kanuni. Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa katika mwaka wa 1905, kiliimba hapo mwanzo kwa Kiarabu. Udi, kanuni na fidla si vyombo vya Waafrika wa bara. Na sanaa ile ilipoanza ilikuwa ya jumba la mfalme, upande wa mawe. Kwa kipimo cha asili, hapana kitu kigeni kuliko hicho.

Kisha akaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mnamo mwaka wa 1880, binti wa watu wa chini, akawa akifinyanga vyungu na kuvitembeza. Katika mwaka wa 1911 akahamia mjini, akakaa Ng'ambo. Yeye na wenziwe waliichukua sanaa ile ya jumba la mfalme wakaiimba kwa Kiswahili, juu ya mambo ya Ng'ambo: dhuluma, mahakama, wanawake walioonewa, matajiri waliojificha nyuma ya vyeo. Katika mwaka wa 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, ikasikiwa pwani yote. Na mwaka huohuo watu wa Ng'ambo waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Walikuwapo waliomkejeli kwa nasaba yake na sura yake, nao walitumia wimbo. Akawajibu kwa wimbo, na jibu ndilo lililobaki katika vinywa vya watu. Alikufa katika mwaka wa 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, nacho ni kitendo cha uhakiki ambacho bado hatujakipa thamani yake: mshairi mkubwa wa Tanganyika kuchukua kalamu kueleza kwamba mwanamke wa Fumba, asiyejua kusoma, astahili kitabu.

Katika umri wa mtu mmoja, basi, kilichotoka Misri kimekuwa chombo cha kuamulia mambo ya mtaa wa udongo na makuti. Ulizeni leo Miembeni au Kikwajuni kama taarabu ni ya kigeni, mtachekwa. Haikuwa yetu kwa kuwa ilizaliwa hapa. Imekuwa yetu kwa kuwa hukumu yake iko mikononi mwetu. Hoja hii Okot mwenyewe alikuwa nayo. Ni hoja ya Lawino juu ya uwanja na macho ya watu. Lakini hasira dhidi ya Ocol ilimfanya pengine aiache hoja iliyo bora ashike iliyo nyepesi, ya kuuliza kitu kimetoka wapi. Na yeye mwenyewe maisha yake yalikuwa hayaendi na hoja hiyo: mchezaji mpira, mwanasheria wa Aberystwyth, mtunzi aliyechukua malalamiko ya mwanamke wa Kiacholi akayafanya kitabu kirefu cha Kiingereza chenye sehemu kumi na tatu, umbo ambalo halikuwa na mfano kamili katika nyimbo za mama yake. Hakuiga mtu. Lakini pia hakubaki shambani.

Athari zake zilikuwa kubwa na za haraka. Baada ya 1966 walitokea watunzi wengine Uganda walioandika kwa mtindo wake, miongoni mwao Okello Oculi na Joseph Buruga. Katika mwaka wa 1968 Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe na fasihi ya Afrika, pamoja na ile isiyoandikwa, iwekwe katikati. Dai hilo na mafundisho ya Okot yalikuwa ya ukoo mmoja, ingawa hakulitia saini. Kila kozi ya fasihi simulizi katika vyuo vyetu ina deni kwa watu hao. Nami naona, kwa kukosa adabu kidogo, kwamba tumelilipa deni kwa namna ambayo ingemchukiza: tumeichukua ngoma tukaigawa katika tanzu na vitanzu, na mwanafunzi aweza kufaulu mtihani wa fasihi simulizi bila ya kuketi hata usiku mmoja mahali panapoimbwa.

Wapinzani wake hawakuwa watu wadogo. Taban lo Liyong alisema tangu zamani kwamba Wer pa Lawino ya Kiacholi ni nzito na ya Kiingereza ni nyepesi, kwamba mfasiri alimsaliti mtunzi, na wote wawili ni mtu mmoja. Katika mwaka wa 2001 akatoa tafsiri yake mwenyewe. Wengine waliona kwamba amekipamba kijiji mno, akaisahau njaa yake na magomvi yake. Wengine, na hasa wanawake wasomi, waliuliza kwa nini mwanamume amfanye Lawino aseme kwamba hana neno na kuwa na mke mwenza, bali chuki yake ni kutukanwa tu. Swali hili lina uzito kwetu. Okot alimwazima mwanamke sauti. Siti alikuwa na yake. Laiti wangekutana katika kazi ya mtafiti mmoja mwenye kujua Kiacholi na Kiswahili sawasawa, tungejifunza mengi.

Na huku kwetu sanaa imeendelea kuvuka hori, mara hii kurudi. Tangu mwaka wa 2004 tamasha la Sauti za Busara hufanyika Ngome Kongwe, upande wa mawe; wageni hununua tikiti, taa huwashwa, muziki huwa mzuri sana, nami huenda kila nipatapo nafasi. Si tamasha baya. Lakini mara nyingi nimejikuta nikitazama, si jukwaa, bali watu waliokaa, nikimtafuta yule ambaye angeinuka na noti na kumtazama mtu wa safu ya tatu. Okot, aliyeanzisha matamasha matatu katika miaka michache, alilijua tatizo hili vizuri: mwenye kutengeneza jukwaa ili sanaa isife, huenda kwa jukwaa hilohilo akawa amewaondoa mahakimu wake.

Okot alitoka Nairobi akaenda Ife, Nigeria, kisha akarudi Uganda baada ya utawala wa Amin kuanguka. Katika mwaka wa 1982 Makerere ilimpa uprofesa wa utunzi. Hakufaidi. Alikufa Kampala katika Julai ya mwaka huohuo, umri wake miaka hamsini na mmoja.

Katika likizo iliyopita nilimsomea mama yangu mkubwa Wimbo wa Lawino katika Kiswahili cha Sozigwa. Sasa ni mtu mzima sana, macho hayamsaidii, lakini masikio yake hayajapungua. Alasiri tatu tulikaa barazani Miembeni, mimi nikisoma, yeye akitia tasbihi vidoleni, na jirani wawili wakaongezeka siku ya pili. Ile sehemu ya dansi aliitaka mara mbili. Mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanamke huyu ana haki, wallahi. Lakini mbona asema waziwazi hivi? Hana fumbo hata moja. Akisema hivi, mume atamjibu. Angelifumba, mume angelikaa na neno lake usiku kucha." Jirani mmoja alimpinga, akasema kwamba mume wa namna hiyo hafahamu fumbo, lazima apigwe kwa neno tupu. Wakabishana. Kalamu nilikuwa nayo. Nikaona haya kuandika mbele yao, nikaandika usiku.

Kisha mama mkubwa akaniuliza kama mume alijibu. Nikamwambia alijibu, kwa wimbo wake mwenyewe, uliotoka katika mwaka wa 1970, nacho ni kitabu kifupi kuliko cha mkewe.

"Kifupi," akasema. "Bila shaka. Haya, kilete."

Nikamwambia ninacho kwa Kiingereza tu. Akasema Kiingereza ni changu, si chake. Nifasiri hapohapo, na nikipotea watanirudisha. Nikaingia ndani kukitafuta.